Stempu za Uingereza zimeandikwa "1st" tu, bei hakuna. Thamani yake inahesabiwaje?

Mjukuu wa Pangani
Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa mtu anayejua mambo ya posta za nje.

Baba yangu mkubwa alifariki Tanga Machi 2023, Mungu amrehemu. Aliondoka kwenda Uingereza 1987, akafanya kazi huko mpaka kustaafu, akarudi nyumbani. Mirathi ilikwama muda mrefu kwenye shamba. Sasa, Agosti hii ya 2025, tumefika kwenye vitu vidogo. Ndani ya sanduku lake la bati tumekuta kopo la biskuti limejaa stempu mpya. Mimi ndiye niliyepewa kalamu ya kuandika orodha, na sheikh anayetusimamia anataka kila kitu kiwe na thamani yake pembeni.

Hapo ndipo nilipokwama. Stempu zenyewe hazina bei. Zina kichwa cha Malkia Elizabeth na pembeni pameandikwa "1st" au "2nd", basi. Hakuna peni, hakuna pauni, hata jina la nchi hakuna. Nimezihesabu mara mbili juu ya mkeka:

"1st" zenye kichwa kitupu: 140
"2nd" zenye kichwa kitupu: 46
"1st" zenye picha za ndege, treni na Krismasi: 18
Za Marekani zenye kengele, zimeandikwa FOREVER: 8
Moja ina mwanamuziki jukwaani, hiyo imeandikwa 19p

Watoto wa marehemu wamegawanyika. Kaka mkubwa anasema tuandike bei aliyonunulia baba. Dada anasema bei ya leo. Shangazi anasema hizo ni karatasi, tuwape watoto wabandike kwenye madaftari. Nani yuko sahihi?

Dada wa Leicester
Poleni sana. Niko huku mwaka wa 14, naweza kusaidia kidogo.

"1st" ni daraja la kwanza la barua, ile inayolenga kufika siku ya kazi inayofuata. "2nd" ni daraja la pili, inachukua siku mbili tatu. Ukinunua stempu ya namna hiyo unanunua safari ya barua. Ikipanda bei kesho, stempu yako inapanda nayo bila kuongeza hata senti. Kwa hiyo thamani yake ni bei ya daraja hilo siku unayoitumia. Tangu Aprili 2025 daraja la kwanza ni pauni 1.70 na la pili ni peni 87.

140 mara 1.70 ni pauni 238. Zile 46 ni pauni 40.02. Zenye picha 18 ni pauni 30.60. Jumla pauni 308.62. Andika hiyo mmalize.

Kuhusu jina la nchi: Uingereza ndiyo iliyoanza kutoa stempu ya kubandika, Mei 1840, ile nyeusi ya peni moja. Wakati ule hapakuwa na nchi nyingine ya kuchanganywa nayo. Mpaka leo haiandiki jina, kichwa cha mfalme au malkia kinatosha.

kipanga77
Dada hapo nakataa. Huwezi kurithi kitu ambacho marehemu hakukilipia. Stempu hizi zilianza Agosti 1989, daraja la kwanza likiwa peni 19 na la pili peni 14. Mzee alikuwa kule tangu 1987. 140 mara 19 ni pauni 26 na peni 60. Hiyo pauni 238 ni ndoto ya mchana, mtakuja kugombana bure.

Karani Mstaafu
Nimekaa dirishani posta miaka 31, Moshi na Dar es Salaam, kuuza stempu na kugonga mihuri. Nchi yangu haikuwa na stempu za aina hii, lakini barua zake zilipita mikononi mwangu kila siku.

Kipanga, kuanza 1989 hakumaanishi zote zimenunuliwa 1989. Mjukuu, zitazame rangi. "1st" za mwanzo kabisa zilikuwa za kahawia iliyokolea, karibu nyeusi. Mwaka 1990 zikawa za rangi ya machungwa. Dhahabu ilitoka mara moja 1997, ikarudi 2002 ikakaa miaka kumi. Nyekundu ni kuanzia 2013. Tazama na pembeni: kama kwenye meno kuna tundu moja refu kama yai kila upande, ni ya 1993 au baada yake. Kama ni za kubandua na zina mikato midogo kama herufi U, ni za 2009 au baadaye.

Hesabu kwa rangi urudi hapa.

Mjukuu wa Pangani
Shikamoo mzee. Nimezipanga chini ya taa:

dhahabu 90
nyekundu 38
machungwa 12

Ya kahawia hakuna hata moja. Matundu kama yai yapo kwenye zote isipokuwa nne za machungwa. Mikato ya U ipo kwenye dhahabu nyingi na nyekundu zote.

Karani Mstaafu
Marahaba mwanangu. Basi hakuna hata moja aliyoinunua kwa peni 19. Daraja la kwanza lilipanda kuwa peni 20 Oktoba 1989, kabla rangi ya machungwa haijatoka. Dhahabu inaweza kuwa peni 27 ya mwaka 2002, inaweza kuwa peni 46 ya mwanzo wa 2012, inaweza kuwa peni 60 baada ya hapo. Ukitaka bei aliyonunulia utahitaji risiti, na sidhani kama mzee alitunza risiti za stempu.

Bint Mtoni
kipanga77 rangi zimekushinda leo 😄

kipanga77
Nimekubali kuhusu 1989. Hoja yangu inabaki: alitoa pesa kidogo kuliko pauni 1.70. Bei ya leo ni bei ya mtu anayenunua leo.

Mkazi wa Reading
Naona mnajenga hesabu juu ya kitu ambacho kimeshafungwa. Dada wa Leicester umesahau barkodi.

Mwaka 2022 zilikuja stempu za kawaida zenye alama ya vimistari ubavuni, rangi ya zambarau kwa daraja la kwanza na kijani kwa la pili. Zile za kichwa kitupu zisizo na vimistari zikapewa mwisho wa kutumika: 31 Januari 2023, kisha watu wakaongezewa muda hadi 31 Julai 2023. Baada ya hapo ukiibandika kwenye barua, haihesabiwi kuwa umelipa.

Kwa hiyo zile 140 na 46 haziwezi kutuma barua yoyote leo. Zenye picha zile 18 bado ni nzima, za Krismasi pia, hizo hazikuguswa na tarehe hiyo.

Dada wa Leicester
Mkazi wa Reading uko sahihi kuhusu tarehe, asante kwa kunikumbusha. Lakini hujamaliza. Upo mpango wa kuzibadilisha: unajaza fomu, unatuma za zamani, unarudishiwa mpya zenye barkodi za daraja lilelile. "1st" inarudi "1st", hawakuulizi ulinunua mwaka gani. Kwa hiyo thamani haijafa, ila sasa inapita kwenye bahasha na fomu. Mimi mwenyewe nilibadilisha 30 zilizokuwa kwenye droo.

Mkazi wa Reading
Hapo ndipo swali linapokuwa zuri. Kama haitumiki mpaka ibadilishwe, thamani iko kwenye stempu au iko kwenye ahadi ya kubadilisha? Mimi nasema iko kwenye ahadi. Kipande kilichoko Tanga ni kama tikiti ya zamani, kinakupa haki ya kudai tu.

Sheha wa Zamani
Assalaam aleikum. Nimesimamia mirathi kadhaa mtaani kwangu, niseme kidogo.

Kwanza yalipwe madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Hayo mnayajua. Sasa mnahangaika na thamani kana kwamba lazima kila kitu kigeuzwe pesa. Si lazima. Vitu vya aina moja vinaweza kugawanywa vyenyewe kwa hesabu ya mafungu, kama mnavyogawa magunia ya mpunga. "1st" 140 zigaweni zikiwa stempu, kila mrithi achukue fungu lake. Atakayebadilisha abadilishe, atakayewapa watoto wabandike awape.

Mkitaka pesa, basi nasikia wengi wanatazama thamani ya siku ya kufa. Mjukuu, mzee alifariki tarehe gani Machi?

Mjukuu wa Pangani
Waaleikum salaam. Tarehe 19 Machi 2023.

Mkazi wa Reading
Basi siku hiyo zilikuwa bado zinatumika, maana mwisho ulikuwa 31 Julai. Na daraja la kwanza lilikuwa bado peni 95. Lilipanda kuwa pauni 1.10 tarehe 3 Aprili, wiki mbili baada ya kufa kwake. La pili lilikuwa peni 68.

140 mara 95 ni pauni 133. 46 mara 68 ni pauni 31.28.

Sasa mna namba tatu za kopo moja. Bei ya kununulia hakuna anayeijua, siku ya kufa pauni 133 kwa zile 140, na leo pauni 238.

Ngamia wa Kismayu
Na namba ya nne: mnunuzi atakupa ngapi? Mimi nauza na kununua vitu vya zamani. Hakuna atakayekupa pauni 1.70 kwa stempu ambayo yeye mwenyewe ataipata dirishani kwa pauni 1.70. Wanunuzi wa jumla wanatoa sehemu ya bei. Niliwahi kupewa nusu, na nilipotuma mzigo muuzaji mmoja wa mtandaoni akakata tena akidai gundi imeharibika. Angalieni gundi. Unyevunyevu wa Tanga si rafiki wa stempu.

Mjukuu wa Pangani
Zile za machungwa chache zimeshikana mgongo kwa mgongo. Nimeziacha zilivyo, sijalowesha.

Karani Mstaafu
Vizuri, usiloweshe. Ukilowesha, gundi inaondoka.

Na kwa wanaosoma: ile tabia ya kuosha muhuri kwenye stempu iliyotumika ili itumike tena ni kosa, huku na huko. Nimewakamata watu dirishani kwa jambo hilo. Stempu iliyogongwa muhuri imeshamaliza kazi, thamani inayobaki ni ya mkusanyaji peke yake.

Mswahili wa Houston
Mmeacha zile nane za Marekani. Hizo ni rahisi zaidi, hazina mwisho wala barkodi. Ile yenye Kengele ya Uhuru ilitoka Aprili 2007 ikiuzwa senti 41. FOREVER maana yake milele: inalipa barua ya kawaida ya wakia moja ndani ya Marekani, bei iwe ngapi. Tangu Julai 2025 barua hiyo ni senti 78. Nane ni dola 6.24; kama zilinunuliwa kwa senti 41, zililipiwa dola 3.28.

Na mtu asifikiri ni za barua za ndani peke yake. Ukituma barua Tanzania unazibandika, kila moja inahesabiwa senti 78, unajaza mpaka ifike bei ya nje.

Bint Mtoni
Kumbe ndiyo maana mjomba wangu wa Marekani alikuwa anazinunua kama mchele wa Ramadhani.

Mswahili wa Houston
Wengi hufanya hivyo kabla bei haijapanda. Lakini hadhari na jambo moja, maana nimeona watu wakikosea hata huku. Kabla ya FOREVER kulikuwa na stempu za herufi. A ilitoka 1978, B na C 1981, D 1985, E 1988, F 1991, G 1994, H 1998. Nazo hazikuwa na bei usoni. Mtu anaona hakuna bei anadhani nazo zinapanda. Hazipandi. A ilikuwa senti 15 na ni senti 15 mpaka leo. B 18, C 20, D 22, E 25, F 29, G 32, H 33.

Kwa hiyo kutokuwa na bei kuna maana mbili tofauti kabisa. Ya herufi ni bei iliyofichwa, ilijulikana siku ile na imekaa palepale. Ya milele ni bei inayotembea.

kipanga77
Hapo nimejifunza. Sasa kwa nini waifiche? Si waandike 15 yaishe?

Mswahili wa Houston
Kwa sababu walichapa kabla hawajajua itakuwa ngapi. Ya A zilichapwa mapema zikakaa ghalani zikingoja bei kutangazwa. Kuchapa mamilioni ya stempu huchukua miezi, lakini uamuzi wa bei ulitoka muda mfupi tu kabla ya kuanza.

Ya F ilikuwa na mwenzake wa ajabu: stempu ya maandishi matupu, bila picha, inayosema kwamba ikiwekwa pamoja na stempu nyingine za senti 25 inakuwa sawa na stempu ya F. Unatakiwa upige hesabu mwenyewe kujua kuwa hiyo ni senti 4.

Karani Mstaafu
Hii sababu ya kuchapa naikubali kwa moyo wote, nimeishi nayo kwa upande wa pili. Sisi bei ikipanda tulichapa namba mpya juu ya stempu ya zamani. Zile za vipepeo za 1973, waliozishika wanazikumbuka, 1975 zikaja zimegongwa 3/- juu ya 2/50 na 40/- juu ya 20/-. Kipepeo anabaki yuleyule, namba inafutwa kwa mistari inawekwa nyingine. Na kabla hazijafika, mteja anakuja na barua moja unambandikia stempu nne ndogondogo mpaka anwani inakosa nafasi. Ungenipa stempu ya herufi tupu miaka ile ningekubusu mkono.

kipanga77
Mzee heshima yako, lakini sababu ya kuchapa inaeleza zile za herufi. Haielezi za milele. Za milele sababu ni pesa. Shirika linapokea pesa ya mteja leo, barua inatumwa baada ya miaka kumi au haitumwi kabisa. Hapo katikati nani anakaa na pesa? Hizo 140 za marehemu zililipiwa zote, na hakuna barua hata moja iliyobebwa.

Dada wa Leicester
Hapana, mimi naona ni kwa ajili ya mteja. Mama mzee jirani yangu ana kijitabu kimoja kwenye pochi mwaka mzima. Bei ikipanda hahangaiki kutafuta stempu ya peni tano ya kujazia. Na shirika linapata hasara, kwa sababu linabeba barua ya pauni 1.70 kwa peni 46 iliyopokewa zamani.

Ngamia wa Kismayu
Na kuna sababu ya tatu ambayo hamuitaji: mtu asiyeiona bei hailalamikii. Ungeona 0.19, 0.27, 0.46, 0.95, 1.70 zimepangwa kwenye bahasha zako za miaka yote ungeuliza maswali. Ukiona "1st", "1st", "1st" huulizi.

Dada wa Leicester
Aliyekuwa huku Aprili 2012 hawezi kusema watu hawakuona. Ilitoka peni 46 kwenda 60 kwa siku moja, tarehe 30. Watu walinunua mpaka madukani wakawekewa kiwango.

Mgeni wa Rotterdam
Salaam kutoka Uholanzi. Niongeze mtego mwingine kwa wanaopekua makopo ya wazee. Za huku zinaandikwa "Nederland 1" au "Nederland 2". Ile 1 si yuro moja! 1 ni barua hadi gramu 20, 2 ni ya uzito unaofuata, hadi gramu 50. Nimeona mtu ameorodhesha "stempu 60 za yuro 1" akitaka yuro 60. Namba ipo, ila ni namba ya uzito.

Na Ufaransa ni rangi. Yule mwanamke wao Marianne, mwekundu ilikuwa barua ya haraka, kijani ya kawaida. Nyekundu ile ya karatasi iliachwa kuuzwa Januari 2023.

Mzee Kauri
Vijana hamjagusa ya kwetu, nami nilikuwa nangoja.

Kuweka rangi mahali pa bei ni jambo la zamani sana. Mauritius, hapo mbele ya pwani yetu, kuanzia 1858 ilikuwa na stempu za Britannia aliyekaa, yule mwanamke wa nembo ya Uingereza, zimeandikwa jina la kisiwa tu. Kijani ilikuwa peni 4, nyekundu peni 6, zambarau peni 9. Karani na mteja walijuana kwa rangi.

Na Uganda mambo yalikuwa kinyume. 1895 mmisionari Ernest Millar alichapa stempu kwa taipureta: herufi U na G juu, namba katikati, basi. Namba ipo, sarafu haipo! Ukiona 50 hujui ni 50 ya nini. Ilikuwa kauri, zile za baharini. Kauri 200 zilikuwa rupia moja. Aliyeishi Mengo, makao ya kabaka wa Buganda, wakati huo hakuhitaji kuambiwa, kila mtu alikuwa nazo kwenye kamba. Leo ndiyo tunahitaji maelezo.

Kwa hiyo sikubaliani na yeyote anayesema thamani lazima iwe usoni. Thamani ilikuwa kwa watu.

Bint Mtoni
Mzee Kauri hii ya taipureta nimeipenda sana. Zinauzwaje leo?

Mzee Kauri
Ghali, na za kughushi zipo. Taipureta kila mtu anaweza kuipata. Usinunue bila mtaalamu.

Mpemba wa Muscat
Mjukuu, ile ya 19p yenye mwanamuziki, ana suruali nyekundu? Nyuma yake kuna mpiga ngoma?

Mjukuu wa Pangani
Ndiyo. Ngoma zipo nyuma.

Mpemba wa Muscat
Huyo ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, Septemba 1946. Stempu ya Juni 1999. Ilizua maneno kwa sababu yule mpiga ngoma nyuma yake ni Roger Taylor, naye alikuwa hai, na desturi ya Uingereza ilikuwa kwamba aliye hai asiyekuwa wa familia ya kifalme hawekwi kwenye stempu. Freddie mwenyewe alikusanya stempu akiwa mtoto, na albamu yake leo iko kwenye makumbusho ya posta London. Ndani yake kuna stempu za Zanzibar.

Ona jambo hili sasa: 19p ilikuwa bei ya daraja la pili mwaka ule. Mzee angenunua "2nd" siku hiyohiyo kwa peni 19 hizohizo, leo ingebadilishwa kwa stempu ya peni 87. Ya Freddie imeandikwa 19 na inabaki 19.

Karani Mstaafu
Huo ndio mfano niliokuwa natafuta. Pesa ileile, dirisha lilelile, siku ileile.

kipanga77
Lakini mkusanyaji wa Unguja anaweza kutoa zaidi kwa ya Freddie kuliko kwa "2nd". Kwa hiyo tumerudi palepale, nani ananunua.

Mpemba wa Muscat
Kweli, ila zilichapwa nyingi. Msitegemee utajiri.

Bint Mtoni
Swali la kijinga labda. Kwa nini Mjukuu asizibandike tu kwenye barua za Tanga kwenda Uingereza? Si ni stempu za Uingereza?

Karani Mstaafu
Si swali la kijinga, niliulizwa mara nyingi. Stempu inailipa posta ya nchi barua inakotoka. Barua ikitoka Tanga inalipiwa kwa stempu ya Tanzania. Ndiyo maana zamani kulikuwa na kuponi ya majibu ya kimataifa, iliyoanzishwa na mkutano wa Umoja wa Posta Duniani uliofanyika Roma 1906. Vijana waliokuwa wanaandikia vyuo vya nje walikuwa wanaitia ndani ya bahasha. Mpokeaji anaipeleka posta ya kwake, anapewa stempu ya kujibia. Nayo haikufungwa kwenye bei ya nchi moja, ilifungwa kwenye huduma: barua moja ya kurudi.

Mswahili wa Houston
Na ndiyo iliyomtajirisha kisha kumfunga Charles Ponzi, Boston, 1920. Alidai ananunua kuponi hizo kwa bei ya chini Ulaya, ambako sarafu zilikuwa zimeanguka baada ya vita, na kuzibadilisha Marekani kwa stempu za bei ya juu. Wazo lenyewe kwenye karatasi lilikuwa na hesabu. Ila hakuwa anafanya hivyo, alikuwa anawalipa watu wa kwanza kwa pesa za waliofuata.

kipanga77
Mnaona? Kitu kisicho na bei usoni lazima atokee mjanja.

Mzee Kauri
Mjanja hutokea hata penye bei.

Mjukuu wa Pangani
Wakuu nimerudi. Asanteni wote, uzi huu nimemsomea shangazi sebuleni na sasa hasemi tena ni karatasi.

Kuna jipya. Chini kabisa ya kopo, chini ya karatasi ya nta, nimekuta bahasha ndogo yenye mwandiko wa baba mkubwa. Imeandikwa: "Vitabu 6, kabla haijapanda, Aprili 2012." Ndani kuna majalada matano ya vijitabu vya stempu 12 yaliyo tupu, na kimoja ambacho bado kina stempu zake zote, za dhahabu. Hizo 12 nilikuwa nimezihesabu kwenye 90.

Dada wa Leicester
Alikuwa mmoja wa waliokimbilia dukani. Vitabu 6 ni stempu 72, mara peni 46 ni pauni 33 na peni 12. Mungu amrehemu, aliona mbali.

kipanga77
Basi bei ya kununulia imepatikana! 72 kati ya 140 tunaijua.

Mkazi wa Reading
Polepole. Majalada matano ni tupu. Hujui kama stempu zilizokuwemo ndizo hizo zilizobaki au alizitumia zikabaki nyingine alizonunua baadaye. Unazozijua kwa hakika ni 12 zilizo kwenye jalada.

Karani Mstaafu
Zile zenye mikato ya U, zipo herufi ndogondogo zilizofichwa ndani ya mawimbi ya mandharinyuma. Zinaonyesha mwaka na aina ya kijitabu. Chukua kioo cha kukuzia, tafuta 11L au 12L. Utajua zipi zilichapwa karibu na 2012.

Mjukuu wa Pangani
Nitaazima kioo kwa fundi saa.

Sheha wa Zamani
Mjukuu, kabla ya kioo, waulize warithi kama wanataka pesa au wanataka stempu. Mnaweza kuwa mnatafuta jibu la swali ambalo hawakuuliza.

Mjukuu wa Pangani
Nimewauliza leo baada ya magharibi. Kaka mkubwa anataka pesa, kwa bei ya siku ya kufa. Dada anataka fungu lake likiwa stempu. Wadogo wawili wanataka zibadilishwe zote kwanza kisha ndiyo tuhesabu. Wamekubaliana jambo moja tu: kile kijitabu cha 12 na bahasha yenye mwandiko wake havigawanywi. Vitakaa kwa shangazi.

Dada wa Leicester
Kama wadogo wakishinda, tafuteni ndugu mnayemwamini huku apokee na ajaze fomu. Zenye picha 18 msizitume, hizo hazihitaji kubadilishwa. Na tumeni kwa rejesta.

Mjukuu wa Pangani
Sawa dada. Kesho naenda posta kuuliza rejesta ya kwenda Uingereza ni shilingi ngapi.